Mstari wa Saba wa Kitambaa cha Mama Mkubwa

Niliondoka Mwika asubuhi moja ya mwezi wa sita, ukungu ungali umekaa kwenye migomba, na sikujua ninakwenda wapi. Shemeji, mke wa kaka yangu, nilimwambia nashuka Himo kutafuta uzi mwekundu. Haukuwa uongo wote. Uzi nilikuwa nauhitaji kweli, ila uzi peke yake usingeniokoa. Ndani ya mkoba wangu wa mgongoni, chini ya sweta, nilikuwa nimeficha kitambaa cha mama mkubwa kimekunjwa ndani ya khanga kuukuu, na katikati ya kitambaa hicho palikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Wakati huo alikuwa na miezi mitatu kitandani, macho yamekwisha kabisa, anakula vijiko viwili vya mtori wa ndizi na kugeukia ukutani. Kitu alichokuwa bado anakitaka kilikuwa kimoja. Kila alasiri aliomba awekewe kitambaa kile kifuani, akakipitia kwa vidole mstari baada ya mstari, polepole, kama mtu anayerudia barua aliyokwisha kuisoma mara nyingi. Na mimi ndiye niliyekiharibu.

Kwa siku nane nilimwambia nimekifua na hakijakauka. Mwika ya mwezi wa sita inaruhusu uongo wa namna hiyo. Manyunyu hayakatiki, na hata soksi hukaa juma zima kwenye kamba. Lakini siku ya nane alisema, "Mwanangu, hata ndama aliyetumbukia mferejini angekuwa ameshakauka." Watu wote chumbani walicheka. Nilicheka nami, kisha nikatoka nikasimama nyuma ya zizi, paji la uso nimeliegemeza kwenye mbao, mpaka ng'ombe akaanza kunilamba mkono.

Nilichotaka ni tundu lile lizibwe kabla hajatutoka, na lizibwe hivi kwamba vidole vyake visijue. Nani angeweza kazi hiyo, sikujua. Nilijua tu kwamba nikiwepo pale alasiri moja zaidi nitaulizwa tena.

Paka wa rangi ya majivu alinifuata hadi barabarani. Nilimfukuza mara mbili. Penye duka la kona kuna mbwa watatu wasiopenda mtu, basi nikamtia mkobani, kichwa nje, nikasimamisha bodaboda.

"Huyo naye abiria?" dereva akauliza.

"Ni msaidizi wangu."

"Wa kazi gani?"

"Kudarizi."

Alicheka njia nzima hadi Himo, na kila tulipopita kwenye shimo aligeuka kumwomba paka radhi.

Ni vizuri nieleze mtu kama mimi alifikaje kwenye sindano. Shule niliiacha darasa la sita. Si kwamba masomo yalinishinda. Dirisha la darasa lilikuwa linaonyesha mambo mengi mno. Tangu hapo nimebeba mizigo ya watalii mlimani, nimepakia nyanya, nimechimba mchanga, nimeuza sumaku na mitego ya panya, nimelala Tanga, Singida, Mererani, na mahali pengine ambako sikupata hata kujua jina la kitongoji. Kazi yoyote naipenda mpaka siku nitakapoelewa inavyokwenda. Nikishaelewa, miguu huanza kuwasha.

Miaka mitatu nyuma nilianguka kutoka juu ya lori la mahindi, mguu wa kushoto ukavunjika pawili. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Mama mkubwa alikuja kunichukua hospitali kwa gari la jirani la kubebea majani ya ng'ombe, akanilaza juu ya majani, akanifunika na blanketi lake. Kwa miezi saba nilikaa kibarazani kwake, mguu juu ya kigoda, nikitazama migomba. Siku ya nne nilikuwa nimeshahesabu migomba yote.

Yeye alikaa upande wa pili akidarizi. Wakati ule alikuwa bado anaona, ingawa alikiweka kitambaa karibu na pua. Sikuwa nimewahi kuitazama kazi ile. Nilikuwa nimekua nikiona vitambaa hivyo juu ya makochi ya kila nyumba, waridi, zabibu, vikombe, na sikuwahi kujiuliza mawaridi yale yalitoka wapi, kwa sababu hapa kwetu hakuna anayepanda waridi. Nikamuuliza. Akaniambia alifundishwa akiwa msichana, kwenye darasa la kina mama la kanisani, na mwalimu wao naye alifundishwa na mwingine. Hakukuwa na kitabu. Kila msichana alipewa kitambaa kimoja cha kujifunzia, kile chenye nyuzi nene zinazoacha vishimo, akashona mistari kumi kwa vimsalaba vidogo vidogo vya uzi mwekundu: wa kwanza herufi, wa pili tarakimu, wa tatu mawaridi, na kuendelea. Ukitaka waridi maisha yako yote, unarudi kwenye kitambaa chako, unahesabu vishimo.

"Nipe na mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Nimekaa bure."

Alinikatia kipande, akanipa sindano butu yenye tundu kubwa. Nilichukua penseli nichore kwanza. Akaninyang'anya. "Ukichora utafuata penseli, hutahesabu." Nikahesabu. Baada ya siku tatu nilimpelekea herufi A hadi F. Hakuzitazama. Alikigeuza kitambaa akatazama mgongo wake, upande ambao mgeni haoni.

"Umepanda viazi huku," akasema. "Fumua."

Wakati huo palikuwa na paka wawili, huyu wa majivu na mweusi mwenye sikio lililochanika. Nilidhani anawafuga kwa upweke. Akaniambia hapana, ni kwa sababu ya wanga. Kitambaa cha kochi hakiwi kitambaa mpaka kitiwe wanga wa muhogo na kupigwa pasi ya mkaa, kisimame kama karatasi, na panya wanapenda wanga kuliko hata mahindi. Nyumba ya mdarizi isiyo na paka, alisema, kila Krismasi inaanza upya. Hivyo walikuwa walinzi. Lakini walinzi wale walikula kabla yake, na yule mweusi alilala ndani ya kapu la nyuzi, na hakuna aliyeruhusiwa kumwondoa hata uzi wa kijani ukihitajika. Tulishona jani jekundu.

Sina namna ya kueleza raha ya miezi ile bila kuonekana mjinga. Mvua ikipiga bati, kahawa kwenye kikombe cha bati, ndizi za kuchemsha, paka wa majivu mapajani pangu nami nimenyanyua mikono juu yake kama mtu anayeota moto, nahesabu kumi na sita, kumi na saba, anajinyoosha, hesabu inapotea, naanza upya. Wanaume wakipita kuelekea kilabuni walinisimanga.

"Bibi harusi, shela litakuwa tayari lini?"

"Siku utakayooga," mama mkubwa alijibu kutoka ndani.

Alasiri nilimtazama akikipapasa kitambaa chake cha zamani. Macho yalikuwa yanaondoka na alikuwa anajifunza kukijua kwa vidole. Alikwenda mstari kwa mstari bila kusema, na kila alipofika wa saba, ule wa ndege wawili na mti katikati, alicheka. Cheko fupi, la puani. Nilimuuliza zaidi ya mara ishirini anacheka nini.

"Ya wasichana hayo," alisema.

Mimi nilikuwa nanakili kitambaa kizima, mstari baada ya mstari. Nilimaliza vikombe, mstari wa tano, mwezi ambao mguu ulipona. Ndege walikuwa mistari miwili mbele. Akaniambia, "Kaa mwezi mmoja tu, umalize." Nilikwisha kuelewa jinsi ya kushona. Miguu ilikuwa inawasha. Niliondoka Jumatatu, na nikakaa mbali miaka miwili na zaidi.

Niliporudi, shemeji aliponipigia kusema hali ni mbaya, nilimkuta mama mkubwa ni mifupa ndani ya gauni. Alinitambua kwa harufu, au alisema hivyo. Paka mweusi alikuwa amekufa. Wa majivu alinitazama, akageuka.

Nilitaka kufanya kitu. Mtu aliyekosekana miaka miwili hutaka kufanya kitu kikubwa ndani ya juma moja, na mimi niliona nafasi: mchungaji alikuwa anakuja kumpa mama mkubwa chakula cha Bwana kitandani, na siku ya namna hiyo nyumba ya kwetu huvalishwa. Nikatoa vitambaa vyote sandukuni. Nikavifua, nikapika wanga, nikavichovya kimoja kimoja. Na kile cha kujifunzia nikakichovya pia, ili kiwekwe kwenye meza ndogo, mchungaji aweke kikombe juu yake. Sikumuuliza mama mkubwa. Mimi, ninayemuuliza dereva kwa nini breki inalia, sikuuliza kwa nini kitambaa kile siku zote kilikuwa laini na vingine vigumu. Kwa miaka sitini hakuwahi kukitia wanga.

Kosa la pili lilitoka kwenye la kwanza. Wanga ulikuwa bado mbichi na paka alikuwa anataka kulala juu yake. Manyoya yalikuwa yananasa. Nikamfungia nje. Asubuhi vitambaa vingine vilikuwa salama, vimening'inia. Hicho kimoja nilikuwa nimekitandaza mezani kwa upendo, kisikunjamane. Panya walianza katikati. Walikula mti, wakala ndege wote wawili, wakaacha mkia na nusu ya mguu wa ndege wa kushoto.

Picha hatukuwa nayo ya maana. Shemeji alikuwa amewahi kuipiga sebule kwa simu yake, lakini ukiivuta ndege wanakuwa madoa mekundu. Na kitambaa namna hii hakinakiliwi kwa madoa. Mama mkubwa alikuwa anasoma vimsalaba, upi umelala kulia, upi kushoto. Nilijaribu kuwakumbuka ndege wale. Nimewaona kila alasiri kwa miezi saba, na nilipofumba macho niliona mkono wake tu.

Himo palikuwa na uzi mwekundu mng'avu, ule wa kushonea mifuko ya zawadi. Nikaendelea hadi Moshi mjini. Nyuma ya soko, kwenye mtaa wenye mafundi cherehani, nilipata duka la nyuzi na vifungo lisilozidi upana wa kitanda. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nilimwonyesha kona tu ya kitambaa, kulinganisha rangi. Akavuta chote, akakigeuza mgongo kabla ya kutazama uso.

"Panya," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulitia wanga."

"Ndiyo."

"Hamkuwa na paka?"

Wa majivu alilia ndani ya mkoba. Mama alichungulia, akanitazama tena.

"Huyu alikuwa wapi?"

"Nilimfungia nje."

Alinitazama kama mtu aliyekuja kununua uzi baada ya kugonga mtoto wa mtu. Kisha akarudi kwenye mgongo wa kitambaa, akapitisha ukucha juu ya nyuzi. "Kuna mama wa Kahe hununua uzi huu huu. Huja na kipande chake cha zamani, kulinganisha kama wewe. Mgongo wake ni huu. Wanaanza kushoto, wanarudi kwa chini. Siku hizi hakuna anayerudi kwa chini."

Nikashika kaunta. "Anakaa wapi Kahe?"

"Nitajuaje? Ukifika uliza mama mwenye paka wengi. Na huyo mtoe kwenye mkoba apumue."

Kahe nilikuwa nimeiona maisha yangu yote. Ukiwa Mwika siku isiyo na ukungu, unaiona chini kule, tambarare, ya kijani na kahawia, moshi wa mashamba ya miwa ukisimama. Watu wa juu huizungumzia kama mahali pa homa na joto. Mimi niliyefika Singida sikuwahi kushuka huko. Nilipata lifti kwenye gari lililokuwa linarudi na magunia matupu ya vitunguu, nikashushwa penye njia ya reli, saa nane mchana, sweta mkononi, paka akihema mdomo wazi. Nilimnywesha kwenye kiganja, maji ya mferejini. Mwanamume aliyekuwa analima vitunguu alisimama kutazama.

"Shikamoo, mzee. Natafuta mama mwenye paka."

"Marahaba. Paka wana nyumba pale ng'ambo ya mfereji. Yeye anaishi nao tu."

Nilihesabu saba kabla sijafika mlangoni. Alitoka mwanamke mrefu, mzee, kitambaa cheupe kichwani, mkononi ana ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sichukui tena paka," akasema. "Mwambie aliyekutuma. Wiki iliyopita wameniachia wawili ndani ya boksi la sabuni."

"Sikuleta paka, mama. Nimeleta kitambaa."

Nilikitoa nikakitandaza juu ya ungo wake. Alikitazama, akakigeuza mgongo kama mtu anayetambua mwandiko. Aliuweka ungo chini taratibu, kana kwamba una maji, akaketi kwenye ngazi.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anaona?"

"Hapana, mama."

Akanisikiliza nikieleza yote: mguu, wanga, paka, siku nane za uongo. Hakuniuliza mimi ni nani kwake, nadhani alishaona. Aliniambia waliketi benchi moja kanisani Mwika, yeye na mama mkubwa, wakijifunza mstari mmoja mmoja pamoja, mpaka alipoolewa na fundi mitambo kutoka Iringa aliyefanya kazi kwenye miwa, akashuka naye huku. Mume alikuwa amekufa. Watoto wako mjini. Aliingia ndani akarudi na kitambaa chake, na nilipokiona nilitaka kulia kwa furaha. Kilikuwa kile kile. Herufi, tarakimu, mawaridi, zabibu, vikombe, kanisa lenye mnara, na mstari wa saba ndege wawili wakiangaliana, mti katikati, wazima kabisa. Nikatoa sindano mkobani. Nikaanza kuhesabu kwa sauti.

"Acha," akasema. "Huo sio."

"Ndio wenyewe, mama. Ndege wawili."

"Wangu wanaangaliana. Wa kwake wanaangaliana?"

Sikujua. Miezi saba.

Akanieleza, akimpapasa paka mmoja shingoni muda wote. Walikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu wao alikagua Jumamosi, na aliyekosea alichapwa mbele ya wenzake, kisha akafumua. Katika mstari wa saba, yeye mama wa Kahe alianza kuhesabu ndege wa kulia kutoka upande usiofaa, ndege akatoka ameupa mti mgongo. Aligundua Alhamisi, wakiwa njiani kurudi nyumbani, na alilia njia nzima kwa sababu alikuwa mwoga wa fimbo. Mama mkubwa hakusema neno. Ijumaa mama wa Kahe alijifungia akafumua ndege mzima na kumshona upya, sawasawa. Jumamosi wakafika. Mama mkubwa naye alikuwa amefumua. Alikuwa amemtoa ndege wake mzuri na kushona aliyekosewa, ili mwalimu aone makosa mawili yanayofanana na adhani alifundisha vibaya mwenyewe.

"Changu kikakutwa sawa," mama wa Kahe akasema. "Chake kikakutwa kimeharibika. Akachapwa peke yake. Na alikuwa anacheka, mjinga yule. Mimi nalia, yeye anachapwa anacheka."

"Hakumfumua baadaye?"

"Alikataa. Alimwambia mwalimu ndege wake wamegombana, awaache."

Basi hicho ndicho alichokuwa anakicheka kila alasiri, na hicho ndicho panya walichokula. Nilikaa chini kwenye ile ngazi. Kitambaa cha mama wa Kahe kilikuwa mikononi mwangu, kizima, na hakikunifaa. Kosa lile halikuwa limeandikwa popote. Lilikuwa limefanywa mara mbili duniani, moja lilifumuliwa Ijumaa moja miaka sitini nyuma, jingine lilikuwa tumboni mwa panya.

"Wewe ndiye uliyekosea, mama," nikasema. "Unaweza kukosea tena?"

Alinitazama kuona kama namtania.

"Kwa nini usimwambie tu? Panya wamekula. Ni mtu mzima, ameona panya."

"Nilimwacha kwenye mstari wa tano. Aliniomba mwezi mmoja. Ningekaa, mstari wa saba ungekuwapo kwenye kitambaa changu." Nilipitisha kidole pembeni mwa tundu. "Siwezi kumpelekea tundu."

"Utampelekea uongo."

"Ndiyo."

"Na akijua?"

"Akijua, nimekwisha."

Paka wangu alikuwa ameingia chini ya kochi lake na wale saba walikuwa wamejipanga kumwangalia. Mama alisimama, akaleta kipande cha kitambaa cha vishimo, akavaa miwani. Alianza na ndege wa kulia. Kimsalaba baada ya kimsalaba, bila kusema, jasho likimtoka juu ya mdomo. Baada ya kama saa moja palikuwa na shingo na kifua, na nilidhani tumepata. Akakiinua kwenye mwanga.

"Hapana. Nimempatia."

"Ameupa mti mgongo, mama. Si ndivyo?"

"Ameupa mgongo vizuri. Wa wakati ule alikaa vibaya. Mkia uligusa mti, na mguu mmoja ulikuwa juu. Nilikuwa sijui ninachofanya, unaelewa? Sasa najua." Akafumua, uzi ukitoka na mikunjo yake. Akaanza tena kutoka chini, kwenye mguu. Mara ya pili aliacha njiani. Mara ya tatu aliiweka sindano.

"Leo haitoki."

"Kesho?"

"Sijui kesho. Kukosea vile vile ni kazi kuliko kupatia. Lazima nirudi niwe yule msichana, na amekwenda mbali."

Nilimwambia mama mkubwa hana siku nyingi. Nilimwambia kwa namna mbili tatu, kana kwamba yeye ndiye aliyemnyima hizo siku. Nikamwomba basi ampigie simu waongee. Pengine mwenyewe angelitaja lile kosa, mkia ulikaaje. Akatikisa kichwa.

"Ataniuliza nimejuaje kwamba anaumwa. Uongo ni wako, usinipe niushike."

Hakunifukuza. Aliingia ndani, nikasikia magunia yakiburutwa. Nilipoitwa nilikuta amesogeza mpunga upande mmoja wa stoo, akatoa kitanda cha kamba kilichokuwa kimesimamishwa ukutani, na alikuwa anafunga chandarua kwenye msumari, mikono yake mirefu inafika bila kigoda.

"Chandarua usikiache wazi. Mbu wa hapa hawajui kama unatoka juu. Maji ni pipa la nje, la mfuniko wa bluu. La mwingine ni la ng'ombe. Mwanga mzuri wa kushonea ni dirisha lile, tangu asubuhi mpaka saa nne, halafu jua linakuwa kali. Nitashona mimi, wewe utakaa pale unihesabie."

"Nitakuhesabia, mama."

"Na utakaa. Usije ukaniondokea katikati."

Nilisema nitakaa. Nilijisikia nikisema, na sikujua kama mtu anayesema hivyo namfahamu.

Nilimwandikia shemeji kwamba nimechelewa, kwamba uzi umepatikana ila kuna kazi kidogo imebaki. Jibu lilikuja nikiwa bado nimeshika simu. Lilikuwa neno moja: *Ameuliza.* Nilikaa kwenye kamba za kitanda, magunia ya mpunga yakinukia, nikajaribu tena kufumba macho niwaone ndege.

Mama wa Kahe alirudi na shuka mbili na sahani ya wali na dagaa kwa ajili ya paka. Akapiga magoti, akaisukuma chini ya kitanda kwa ncha ya kidole, maana wa majivu alikuwa amehamia huko akiwazomea wenyeji.

"Atazoea," akasema. "Alhamisi tu umfungie humu. Akina mama wa jumuiya hukutana hapa sebuleni Alhamisi, na mmoja wao anaogopa paka wageni. Na wewe uwe umevaa shati."

Siku ile ilikuwa Ijumaa. Nilihesabu kimoyomoyo hadi Alhamisi, nikapata siku sita, na huenda mama mkubwa hakuwa nazo, nikahesabu tena.

"Sawa, mama," nikasema, nikapokea shuka.